Okoteni Ua Lililoanguka

Wajukuu zangu, hesabu zenu nimezisikia. Ekari moja ya choroko, magunia kadhaa, bei ya msimu uliopita. Toa mbegu, toa vibarua, toa kodi ya shamba, kinachobaki ni pikipiki. Mmoja wenu, yule ninayemwita mume wangu mdogo, kanionyesha hesabu hiyo kwenye simu, kila safu imepangwa vizuri. Nikamuuliza mdudu yuko wapi humo. Akanijibu, "Bibi, tumetenga laki moja ya dawa." Nikajua hamjamfahamu bado. Mtu akitenga pesa ya dawa kabla hajajua anampiga nani, amemtengea muuza duka.

Sijaja kuwakataza kulima. Nimekuwa bibi shamba tangu enzi za kutembea kijiji hadi kijiji kwa miguu, nimestaafu, na hadi leo napanda kunde zangu hapa Kilosa. Jamii ya mikunde naipenda. Haidai mbolea nyingi, huacha udongo ukiwa na nguvu kuliko ilivyoukuta, huiva upesi, na mlo wake unakaa tumboni. Bei ni habari nyingine. Wale wa Lindi na Mtwara wanakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuingiza nchini mwake, na mbaazi zilizokuwa zikigombewa zikakosa mnunuzi. Hilo hakuna nasaha yangu inayoweza kulizuia. Ninalotaka kuwaambia linahusu kiumbe mmoja tu, na mnivumilie nikimweleza kwa kirefu, maana hata madukani mwa pembejeo wengi hawamtambui.

Viwavijeshi vamizi mnawajua, walitangazwa redioni mpaka watoto wa shule wakawajua. Wadudu mafuta mnawajua, wanaonekana wamejazana kwenye shina. Huyu wangu hatangazwi. Ni nondo mdogo ambaye wataalamu humwita Maruca vitrata, na si mgeni duniani: Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, alishamwandika vitabuni mwaka 1787. Yuko Afrika, yuko Asia, yuko Amerika ya kitropiki, popote penye joto na mikunde. Sisi wakulima humtaja kwa kazi yake tu, kiwavi wa maua, na wengine husema funza wa maganda. Kunde, choroko, mbaazi, maharage, fiwi, soya, vyote kwake ni chakula, ingawa kunde ndiyo anayoipenda zaidi.

Mchana nondo mwenyewe utamkosa. Anajificha chini ya majani ya chini kabisa, penye kivuli na unyevu. Ukipita ukalisukuma jani, huruka mwendo mfupi, hatua mbili tatu, akatua tena uvunguni mwa jani jingine. Mtazameni anavyotua. Nondo wengi hukunja mabawa yakafunika mgongo; huyu huyatandaza pembeni na kuinua kifua. Mabawa ya mbele ni ya kahawia yenye mabaka meupe yanayopitisha mwanga. Ya nyuma ni meupe karibu yote, yamepakwa kahawia ukingoni. Toka ncha hadi ncha ya mabawa hazidi sana sentimita mbili. Usiku hufuata taa, na naamini kila mmoja wenu ameshamfagia barazani asubuhi bila kujua amefagia nini.

Nondo huyo hali kunde. Anayekula ni mwanawe. Jike hutafuta vitumba vya maua, maua yenyewe na vichipukizi laini, akataga mayai moja moja au machache pamoja. Yai ni bapa, la njano hafifu, halifiki milimita moja kwa urefu. Msisumbuke kulitafuta, macho yangu yaliposhindwa hata yenu ya ujana yatashindwa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 200 na zaidi, ingawa maisha yake yote akiwa nondo ni kama wiki moja tu. Baada ya siku tatu hivi yai huanguliwa, na kiwavi mchanga huingia ndani ya kitumba au ua. Hapo ndipo hasara yenu inapoanza, na ndipo hakuna mkulima anayeangalia.

Nieleze kwa nini hakuna anayeangalia. Ua la kunde hufunguka alfajiri, jua likipanda hujifunga, na halioni siku ya pili. Tena kunde kwa tabia yake hudondosha maua mengi kuliko yanayofika kuwa ganda, hata kama shamba halina mdudu hata mmoja. Kwa hiyo mkulima akipita akakuta maua yametapakaa chini, hasemi kitu. Amezoea. Anasema ni jua, anasema ni upepo, anasema ndivyo kunde zilivyo, na kwa sehemu anasema kweli. Kiwavi wetu amejificha humo humo ndani ya kweli hiyo. Ua aliloliharibu yeye huanguka pamoja na yale yaliyokuwa yaanguke tu, na kwa kusimama huwezi kuyatofautisha.

Basi inameni. Okoteni ua lililoanguka, na mchume na mengine ambayo bado yako mtini. Fungueni moja kwa ncha za vidole, taratibu. Kwa nje linaweza kuwa zima, au lina kitundu kidogo ubavuni kinachopitisha ncha ya kalamu. Ndani, kwenye ile petali iliyojikunja kama mtumbwi, panatakiwa kuwe na vijiti vya chavua na mwanzo wa ganda, kijani, mwembamba. Kama yeye kaingia, vijiti vimekatwa, mwanzo wa ganda umetafunwa, kuna chembechembe za kinyesi zenye unyevunyevu na nyuzi nyembamba kama za buibui. Na yeye mwenyewe yumo, amejikunja. Akiwa mchanga ni mweupe wa maziwa mwenye kichwa cheusi na huwezi kumwona bila kulipasua ua. Akikua huonekana madoa meusi au ya kahawia mgongoni, mawili mawili, yamejipanga kila pingili. Madoa hayo ndiyo kitambulisho chake. Akifikia upeo ana urefu wa sentimita mbili hivi.

Kiwavi mmoja hatosheki na ua moja. Kabla hajakomaa anaweza kumaliza manne mpaka sita, na huhama usiku. Anatoka ua hili anaingia lile, anayashona pamoja kwa nyuzi zake, ua na jani, ua na ganda, ganda na ganda, akawa na chumba chake asichoonekana na ndege wala kufikiwa na matone ya dawa. Maganda yakishatokea hutoboa na kula mbegu zingali changa, kinyesi anakisukuma nje kikaganda mlangoni mwa tundu. Maisha ya ukiwavi ni wiki moja na nusu, pengine mbili. Kisha hushuka chini, akajifunika kwa hariri katikati ya majani makavu na udongo, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo anatoka nondo mpya. Tangu yai hadi nondo ni wiki tatu hadi tano. Kunde za muda mfupi huiva kwa siku 60 mpaka 80. Pigeni hesabu hiyo kwenye simu zenu: kizazi cha kwanza kitakula maua, na watoto wake watakuta maganda.

Katika Afrika watafiti wamepima hasara ya kunde inayoletwa na huyu peke yake, ikawa kati ya asilimia 20 na 80. Tofauti ni kubwa hivyo kwa sababu shamba hutofautiana na shamba, msimu na msimu. Miaka mingine hapiti kabisa, na mkulima akaamini dawa aliyonyunyiza ndiyo iliyofanya kazi. Nimeshuhudia watu wakigombana juu ya sifa za dawa ambayo haikuwa na mdudu wa kuua.

Sasa nisikilizeni kuhusu wakati, maana kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Mkulima anapoona tundu kwenye ganda anakimbilia bomba la kunyunyizia. Amechelewa. Kiwavi mwenye tundu hilo yuko ndani ya ganda, mkubwa, amejifungia, na mbegu alizozila hazirudi. Dawa itaua nyuki, itaua buibui, itaua nyigu wadogo waliokuwa wakimwinda kiwavi huyo, na yeye atabaki. Wakati wa kumwona ni vitumba vinapoanza kuonekana hadi maua yanapokuwa mengi. Ingieni shambani mara mbili kila wiki, asubuhi mapema, mkate kona kwa kona na siyo kufuata njia pembeni tu. Chumeni maua 20 kutoka sehemu mbalimbali, myaweke kwenye kopo, mkae kivulini myafungue moja moja na kuandika. Kazi hiyo haichukui nusu saa. Mkipata kiwavi kwenye ua moja, rudini baada ya siku tatu. Mkiwapata kwenye maua matano au sita, na wakiwa wachanga, sasa tuzungumze juu ya dawa.

Lakini muwe na hakika ni yeye. Mbaazi hasa zina wakorofi wengi na kila mmoja anaacha alama yake. Yule funza anayekula nyanya na pamba ni mkubwa, hutoboa tundu pana la mviringo, na mara nyingi utamkuta kichwa kiko ndani ya ganda na nusu ya mwili iko nje, hashoni maua. Inzi wa maganda ya mbaazi haonyeshi kitu chochote mpaka ganda linapoiva, ndipo unaona kidirisha chembamba na ndani kuna buu mweupe asiye na miguu. Kunguni wanaofyonza hawatoboi tundu la kuonekana. Mbegu husinyaa tu, ganda likajikunja. Wetu ni yule mwenye nyuzi, mwenye kinyesi mlangoni, mwenye madoa mawili mawili. Dawa inayofaa kwa mmoja si lazima imfae mwingine, na wapo wauzaji watakaowauzia chupa ile ile kwa wote wanne.

Kuhusu hao wauzaji nina neno. Nimeuziwa mimi, na umri huu, dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi, haina jina, nikaambiwa "ni ile kali". Msinunue ile kali. Nunueni yenye lebo, yenye namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na msome jina la sumu iliyomo, siyo jina kubwa la rangi lililoandikwa mbele. Majina ya mbele yanaweza kuwa matatu na sumu ikawa moja. Mkinyunyiza sumu ya aina moja msimu hadi msimu, wanaobaki ni wale isiowaua, na hao ndio wanaozaa. Huko Nigeria, kabla ya mwaka 2000, ilishapimwa ikaonekana viwavi hawa wa maeneo fulani wamezoea dawa zilizokuwa zikitumika sana, ikiwamo sipamethrini, ambayo hata kwetu hapa ndiyo dawa ya kila kitu.

Mkinyunyiza, nyunyizeni jioni. Asubuhi nyuki wako kwenye maua, na mbaazi zinawahitaji kuliko kunde. Jioni nyuki wamerudi, na kiwavi ndiyo kwanza anajiandaa kutoka kuhama. Mwarobaini nao ni wa jioni, maana jua huuvunja nguvu. Chukueni mbegu kavu zilizokaushiwa kivulini, zimenywe na kutwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zilale usiku kucha, kisha mchuje kwa kitambaa chepesi na kutia sabuni kidogo ili ishike majani. Msitazamie waanguke palepale kama mlivyozoea. Mwarobaini unamfanya kiwavi aache kula na ashindwe kukua, na unafanya kazi kwa wachanga. Kwa yule mnene aliye ndani ya ganda ni maji tu. Ipo pia dawa ya vimelea iitwayo Bt, inayotokana na bakteria wa udongoni. Hiyo ni lazima kiwavi aile, kwa hiyo nayo inarudi pale pale, imkute akiwa bado hajajifungia.

Na kunde zina jambo ambalo pamba haina. Majani yake ni mboga. Asubuhi mume kanyunyiza, jioni mke, au mama mkwe, au mtoto aliyetumwa, anachuma majani ya kupika na karanga. Nyumba nyingi haziambiani. Kwenye lebo huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zinahesabiwa kwa majani vilevile, siyo kwa mbegu peke yake. Anayetaka mboga apande tuta lake karibu na nyumba, lisiguswe na bomba milele. Kwenye hili sina utani hata na mume wangu mdogo.

Sasa tuje kwenye mbegu, maana kuna vita unavyovishinda kabla ya kupanda. Pale Ilonga, ambako wengi wenu mnapita kwa pikipiki bila kugeuza shingo, kituo cha utafiti kimetoa aina za kunde kama Fahari, Tumaini na Vuli. Mkienda kuchagua, msiulize mavuno tu. Ulizeni maganda yanakaa wapi. Watafiti waliomchunguza kiwavi huyu waliona kwamba kunde inayobeba maganda juu ya majani, kwenye kikonyo kirefu, na maganda yakiwa yameachana, hili huku lile kule, huumia kidogo kuliko ile inayoyaficha ndani ya majani yakiwa yamegusana. Sababu mnaweza kuiona wenyewe. Kiwavi huyu ni fundi wa kushona. Akikosa kitu cha kushona nacho hubaki wazi, jua likamkausha, ndege akamwona, dawa ikampata. Ndiyo maana pia nawaambia msibananishe mistari kwa tamaa ya mimea mingi. Majani yakifunikana sana chini panakuwa na giza na unyevu, na hapo ndipo nondo anashinda mchana.

Kuchanganya kunde na mahindi je? Nilifundisha hivyo kwa miaka, na kwa chakula cha nyumba ni jambo jema, wadudu wadogo waitwao vithiripi hupungua. Kwa huyu nondo faida yake haitabiriki, pengine pana kivuli anachokipenda. Changanyeni kwa sababu nyingine, ila msiyaachie mahindi kazi hiyo.

Mmeniuliza kama hakuna mbegu ambayo kiwavi huyu haiwezi kabisa. Swali hilo lilikwisha kuulizwa Ibadan, Nigeria, kwenye taasisi ya IITA, yenye hazina ya mbegu za kunde zaidi ya aina 15,000. Walipima na kupima, wasipate kunde inayomshinda sawasawa. Wakaenda kwa ndugu wa porini wa kunde, wakampata mmoja mwenye manyoya manyoya ambaye kiwavi hamwezi, lakini ndugu huyo hakubali kuzaa na kunde ya shambani. Ndipo wanasayansi wakachukua njia nyingine, wakatoa chembe ya urithi kwa yule bakteria wa Bt na kuipandikiza kwenye kunde. Nigeria iliiruhusu mwaka 2019, na aina yao inaitwa SAMPEA 20-T, iliyotolewa na taasisi ya utafiti ya Zaria. Ghana ikafuata baadaye. Kiwavi akila humo hufa. Wadudu mafuta, vithiripi na kunguni hawana habari nayo, kwa hiyo bomba halijaenda likizo, ila limepungua. Kwetu Tanzania mbegu za namna hiyo hazijaruhusiwa mashambani. Mtu akija kijijini kuwauzia kwa siri akidai ni yenyewe, fahamuni kwamba anawauzia mbegu ya sokoni kwa bei ya maajabu.

Mimi iliyonifurahisha zaidi ni kazi ya Benin. Watafiti wa huko walijiuliza kwa nini huko Asia, kiwavi huyu anakodhaniwa kuwa na asili yake, ana maadui wengi kuliko Afrika. Wakashirikiana na kituo cha mboga cha dunia kilichoko Taiwan, wakaleta nyigu wadogo sana, wasiong'ata mtu. Mmoja, Phanerotoma syleptae, hutaga yai lake ndani ya yai la nondo. Yai la nondo linaanguliwa kama kawaida, kiwavi anatoka, anakula, anakua, na ndani yake mtoto wa nyigu anamngoja. Wa pili, Therophilus javanus, ana mkia mrefu wa kutagia unaopenya mpaka kwenye ua alikojificha kiwavi. Katika miaka ya 2010 walianza kuachiliwa Benin na nchi za jirani. Kwetu tuna nyigu wetu wa aina nyingine wanaofanya kazi kama hiyo, wachache, hawana mshahara, nao ndio wa kwanza kufa mnaponyunyiza "ile kali" saa nne asubuhi. Mkikuta kwenye ua kiwavi aliyenyauka na pembeni yake kifuko cheupe kidogo kama punje ya mchele, mwacheni. Humo atatoka nyigu.

Sasa la majirani, na hili nawapa kwa mkazo kwa sababu vijana wa kukodi mashamba huwa hamsalimii jirani mpaka mbuzi waingie. Kunde za Kilosa hupandwa masika yakielekea mwisho, ili ziive mvua ikikatika. Mmoja anapanda Machi, mwingine katikati ya Aprili, wa tatu anangoja pesa ya mbegu anapanda Mei. Wa Machi anavuna salama. Nondo waliozaliwa kwake wanahamia kwa wa Aprili. Wa Mei anawapokea wote, vizazi viwili kwa pamoja, kisha anakuja kwangu kusema amerogwa. Huyu si mdudu wa shamba moja. Ana mabawa, na huko Afrika Magharibi watafiti wanaamini huzifuata mvua kutoka pwani mpaka kaskazini ya mbali. Bonde zima likipanda ndani ya wiki mbili, maua yanatoka pamoja, wanagawana wote, na hakuna anayebeba mzigo wa mwenzake. Hilo halina gharama hata ya shilingi. Lina gharama ya kukaa kikao.

Kisha mtembee mzunguke shamba mnalotaka kukodi kabla hamjalipa. Kiangazi, kunde zikiwa hazipo, nondo huyu hashindi njaa. Anaishi kwenye mikunde ya porini na ya kupandwa: marejea yanamfaa, na hata baadhi ya mimea ya jamii ya utupa, ule mnaotwanga kuulia samaki, yeye anaitafuna maua yake bila wasiwasi. Siwaambii mkate kila kichaka, maana nyigu nao wanaishi humo humo. Ila shamba lililopakana na ekari nzima ya marejea yenye maua wakati kunde zenu zinatoa vitumba, hilo ni la kujadiliana bei.

Lile mlilonionyesha kule ng'ambo ya mto lina marejea upande wa juu. Mwenyewe ni mama mtu mzima, anayalima kwa ajili ya udongo wake na ana haki. Nendeni wawili, asubuhi, mpige hodi na kuamkia vizuri, mumuulize atayalaza lini. Akisema kabla ya Aprili, lipeni kodi. Akisema baada ya hapo, mwombeni ayalaze mapema na mjitolee kumfanyia kazi hiyo nyinyi wenyewe. Asipokubali, lile la karibu na shule bado halijapata mtu, na mwenye nalo ni mjukuu wangu pia.